Kudhibiti maumbile na hatari ya maafa makubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mazungumzo yanapogusa mabwawa, matuta ya mito, moto wa msituni, mvua ya kutengenezwa au viumbe vilivyohamishwa kutoka bara moja kwenda jingine. Kila jibu linajitegemea. Jambo likiwa limeelezwa mahali pengine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. "Kudhibiti maumbile" ni kufanya nini hasa?

Ni kulilazimisha jambo la asili lifuate mpango wa binadamu: mto ubaki pale ulipo kwenye ramani, bahari isivuke mstari fulani, msitu usiungue, wadudu wasile mazao. Kwa maana pana hata kulima ni kudhibiti. Hapa tunazungumzia hali moja mahususi: pale ambapo maelfu ya watu wamejenga maisha yao wakitegemea kwamba kizuizi fulani hakitashindwa.

Kudhibiti kuna tofauti na kujikinga. Anayeinua nyumba yake juu ya nguzo katika bonde la mto anajikinga. Maji yatakuja, naye anajua. Anayejenga tuta kando ya mto anayaambia maji yasije kabisa. Wa kwanza bado anaishi na mto, wa pili ameanza kuusahau.

2. Mafuriko na matetemeko ni kazi ya Mungu. Binadamu anahusika vipi?

Mwanajiografia wa Marekani Gilbert White alilijibu hili katika tasnifu yake ya mwaka 1945: mafuriko ni kazi ya Mungu, lakini hasara ya mafuriko kwa sehemu kubwa ni kazi ya binadamu. Mvua kubwa ikinyesha juu ya nyika isiyokaliwa na mtu, hakuna maafa. Maafa huhitaji watu walio njiani mwa hatari, na sababu iliyowafanya wawe hapo.

Mfano ulio karibu ni Derna, Libya. Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023 kimbunga Daniel kilimwaga mvua nyingi mno kwenye bonde lililo juu ya mji huo. Mvua ilitoka mbinguni. Lakini kilichoua maelfu ya watu ndani ya saa chache ni mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yaliyojengwa ili kuukinga mji huo huo na mafuriko. Yalipopasuka, maji yaliyokuwa yamezuiwa yalishuka kwa mkupuo na kubeba mitaa mizima hadi baharini.

3. Inawezekanaje kinga ikaongeza hatari?

Swali hili ndilo moyo wa ukurasa huu, na mengi yanayofuata ni matawi yake.

Fikiria mto unaofurika kila baada ya miaka michache. Watu wa bondeni wanaujua. Hawajengi karibu, au wanajenga vibanda visivyo na gharama, na mvua ikizidi wanahamisha mifugo. Hasara ipo, lakini ni ndogo na hakuna anayeishangaa. Sasa jenga tuta. Mafuriko madogo yanakoma. Miaka ishirini inapita bila maji kuonekana, bei ya ardhi inapanda, zinajengwa shule, hospitali, maghala na nyumba za familia ambazo hazijawahi kuuona mto ukiwa na hasira. Tuta limefanya kazi yake vizuri, na kwa sababu limefanya vizuri, watu na mali wamejaa nyuma yake. Siku maji yatakapolizidi tuta, na kila tuta lina kimo chake, hayatakuta vibanda.

Kuna na sababu ya kimaumbile. Mto uliobanwa pande zote mbili hauna pa kutandaza maji yake, kwa hiyo maji hupanda. Katika Mississippi, Marekani, wahandisi wa serikali walishikilia kwa miongo kadhaa kwamba matuta peke yake yatosha, bila njia za kupunguzia maji pembeni. Mwaka 1927 matuta yalivunjika sehemu nyingi, eneo la kilomita za mraba 70,000 hivi likafunikwa na maji, na mamia ya maelfu ya watu wakakosa makazi. Baada ya hapo sera ilibadilishwa na milango ya kumwaga maji ya ziada ikajengwa. Hata hivyo mji wa New Orleans uliendelea kukua nyuma ya kuta zake, na tarehe 29 Agosti 2005, wakati wa kimbunga Katrina, kuta na matuta yalifunguka katika sehemu zaidi ya 50. Asilimia 80 hivi ya mji ilizama.

Kwa hiyo kudhibiti ni biashara ya kubadilishana: tunatoa hasara ndogo za mara kwa mara, tunapokea hasara moja adimu na kubwa mno. Wakati mwingine biashara hiyo inafaa. Kinachoniumiza ni kuona inafanywa kwa niaba ya watu ambao hawakuambiwa kwamba kuna kitu walichotoa.

4. "Mafuriko ya mara moja katika miaka 100" maana yake tukishayapata tumepona kwa karne nzima?

Hapana, na kutoelewa huku kumegharimu maisha. Maneno hayo yana maana kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa mafuriko ya ukubwa huo kutokea. Yakitokea mwaka huu, mwakani uwezekano ni ule ule. Anayeishi mahali hapo kwa miaka 30 ana uwezekano wa asilimia 26 hivi wa kuyakuta, na anayeishi hapo miaka 70 ana zaidi kidogo ya nusu.

Namba yenyewe pia hutokana na kumbukumbu za vipimo, ambazo kwa mito mingi ni za miongo michache tu. Hali ya hewa ikibadilika, kumbukumbu za jana hazipimi vizuri mvua ya kesho.

## Mabwawa, matuta na kuta za bahari

5. Bwawa hupasuka kwa sababu gani?

Kwa kawaida ni moja kati ya tatu: maji yamepita juu ya ukuta, mwamba au udongo ulio chini ya ukuta umeachia, au maji yamejipenyeza ndani ya ukuta wa udongo na kuula taratibu kutoka tumboni.

Aina ya kwanza ndiyo iliyoleta maafa makubwa kuliko yote ya mabwawa. Agosti 1975 mabaki ya kimbunga Nina yaliganda juu ya jimbo la Henan, China, na kwa siku tatu ilinyesha mvua ya zaidi ya mita moja. Bwawa la Banqiao, la udongo, halikuwa na milango ya kutosha kutoa maji kiasi hicho. Lilizidiwa usiku wa manane, na mabwawa 62 kwa jumla yakaanguka katika tukio hilo. Makadirio ya vifo yanaanzia 26,000 na kupita 170,000, ukijumlisha waliokufa baadaye kwa njaa na magonjwa. Tazama jinsi hatari inavyofungamana: bwawa la juu likianguka, maji yake huwa ndiyo mafuriko yanayoliangusha la chini.

Ya pili ni Malpasset, Ufaransa, Desemba 2, 1959. Ukuta mwembamba wa zege ulikuwa mzuri, lakini mwamba wa ubavuni uliteleza. Watu 423 walikufa. Ya tatu ni bwawa la Teton, Idaho, lililoanguka Juni 5, 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Kulikuwa mchana, watu wakatahadharishwa, na waliokufa walikuwa 11. Tofauti ya usiku na mchana hapa ni maelfu ya roho.

6. Ukuta wa bwawa ukiwa imara kabisa, watu wa chini wako salama?

Ukuta wa Vajont, kaskazini mwa Italia, umesimama hadi leo. Una kimo cha mita 262 na ulikuwa fahari ya uhandisi wa wakati wake. Chini yake, usiku wa Oktoba 9, 1963, walikufa watu wapatao 2,000.

Kilichotokea ni hiki. Ziwa lilipoanza kujazwa mwaka 1960, maji yalipenya kwenye mteremko wa mlima Toc uliolipakana. Novemba mwaka huo kipande cha mlima kiliporomoka, na juu yake ukatokea ufa wa kilomita mbili hivi. Wahandisi waliuona. Walipima mwendo wa mlima siku baada ya siku, kisha wakaamini wameupatia: wakipandisha maji mlima unaharakisha, wakiyashusha unapunguza kasi. Wakawa wanapandisha na kushusha ziwa wakitumaini kuuteremsha mlima polepole, kama mtu anayeshusha mzigo kwa kamba. Saa nne na dakika 39 usiku zaidi ya mita za ujazo milioni 260 za mlima ziliingia ziwani kwa mara moja. Maji yaliruka ukuta zaidi ya mita 100 juu yake na kuangukia bondeni. Mji wa Longarone ulifutika kwa dakika chache.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi na kila mara nasimama pale pale. Waliohusika hawakuwa vipofu. Walikuwa na vipimo, na vipimo viliwaonyesha kwamba mlima unajibu wanapougusa. Wakadhani kitu kinachojibu ni kitu kinachotii. (Kuhusu walioonya mapema, tazama swali la 16.)

7. Ni kweli bwawa linaweza kusababisha tetemeko la ardhi?

Ndiyo. Uzito wa ziwa jipya na maji yanayopenya kwenye nyufa za chini hubadilisha msukumo katika mwamba, na ufa uliokuwa karibu kuteleza huteleza. Tarehe 11 Desemba 1967 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 6 liliua watu wapatao 180 karibu na bwawa la Koyna, India, eneo ambalo kabla ya bwawa halikufahamika kwa matetemeko makubwa.

Kusukuma maji ardhini kwa mabomba huleta matokeo ya aina hiyo hiyo. Tume ya wataalamu ililihusisha tetemeko la Pohang, Korea Kusini, la Novemba 15, 2017, na mradi wa nishati ya jotoardhi uliokuwa ukisukuma maji kilomita kadhaa chini. Huko Oklahoma, Marekani, kurudisha ardhini maji machafu ya visima vya mafuta kuligeuza jimbo tulivu kuwa la matetemeko ya kila mara.

8. Kwa nini baadhi ya mito iko juu kuliko miji iliyo kando yake?

Kwa sababu mto hubeba tope, na tope likikosa pa kutandazwa hutua pale pale mtoni. Sakafu ya mto inapanda, watu wanaongeza tuta, sakafu inapanda tena. Huang He, Mto Manjano wa China, umefanyiwa hivyo kwa karne nyingi kiasi kwamba sehemu za chini maji yake hupita mita kadhaa juu ya mashamba. Mto wa namna hiyo ukivunja tuta huenda usirudi tena mahali pake, ukatafuta njia mpya kuelekea baharini. Ulipofanya hivyo katika historia, watu walikufa kwa mamia ya maelfu.

Mississippi nao ungependa kuhama. Njia fupi ya kufika baharini sasa inapitia mto Atchafalaya, na bila kuzuiwa maji mengi yangekwishaelekea huko na kuiacha New Orleans kando ya mkondo mfu. Tangu 1963 milango mikubwa ya zege huruhusu asilimia 30 tu ya maji kupita upande huo. Mafuriko ya 1973 yalichimba chini ya milango hiyo na nusura yaiangushe. Haya ni mapambano yasiyo na siku ya mwisho. Mto hauna haraka, nasi hatuwezi kuondoka zamu hata kwa mwaka mmoja.

9. Kuta za bahari ziliwasaidia Wajapani mwaka 2011?

Zilisaidia mahali fulani na kuua mahali pengine.

Mji wa Taro ulikuwa na ukuta wa mita 10 uliojulikana nchi nzima. Tsunami ya Machi 11, 2011 iliupita, na miongoni mwa waliokufa kulikuwa na waliobaki nyumbani kwa kuuamini. Ukuta wa kuzuia mawimbi wa Kamaishi, uliokamilika miaka miwili tu kabla, ulivunjika, ingawa ulipunguza nguvu ya maji. Kijijini Fudai mambo yalikuwa tofauti. Kiongozi wake wa zamani Kotaku Wamura, aliyeshuhudia maiti zikifukuliwa baada ya tsunami ya 1933, alisisitiza lango la mita 15.5 huku wengi wakimlaumu kwa kupoteza fedha. Lilikamilika 1984. Miaka 27 baadaye kijiji kilisalimika, naye alikuwa amekwisha kufa.

Mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi ulikadiriwa kukutana na tsunami isiyozidi mita 5.7. Iliyokuja ilifika mita 14 hivi, ikazamisha jenereta za dharura zilizokuwa chini. Mtambo wa Onagawa, uliokuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, ulikuwa umejengwa kwenye ardhi iliyoinuka kwa mita 14 hivi, na ulinusurika. Waliochagua mahali pake walizipa uzito habari za tsunami za kale.

## Moto, mvua na jua

10. Kuzima kila moto wa msituni ni kosa?

Mara nyingi ndiyo. Baada ya moto mkubwa wa 1910 ulioteketeza hekta zaidi ya milioni moja huko Idaho na Montana, idara ya misitu ya Marekani iliazimia kupambana na moto wowote, na kuanzia 1935 agizo lilikuwa kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Walifanikiwa kwa miongo kadhaa. Lakini majani makavu, matawi na miche iliyokuwa ikifyekwa na mioto midogo ilibaki ikirundikana. Ni hesabu ile ile ya swali la 3, tofauti ni kwamba hapa hatari inahifadhiwa kama kuni.

Wenyeji wa asili wa Australia walikuwa na maarifa mengine: kuchoma vipande vidogo vidogo majira ya baridi, moto wa chini unaotambaa na kuzimika wenyewe jioni. Sehemu za kaskazini mwa nchi hiyo zimerudia utaratibu huo, na moto mkali wa mwisho wa kiangazi umepungua.

11. Mvua ya kutengenezwa inaweza kuleta mafuriko?

Haina uwezo huo, kwa tunavyojua. Tangu majaribio ya Vincent Schaefer mwaka 1946, kazi imekuwa kurusha barafu kavu au chembechembe za iodidi ya fedha ndani ya wingu lililokwishakuwepo ili lidondoshe zaidi kidogo. Wingu lenyewe halitengenezwi. Mafuriko ya Dubai ya Aprili 2024 yalisemwa sana kuwa ni matokeo ya kazi hiyo, lakini dhoruba ile ilikuwa imetabiriwa siku kadhaa kabla na ilifunika eneo kubwa mno kuliko ndege chache zinavyoweza kugusa.

Hatari ya kweli iko kwenye lawama. Oktoba 1947 Wamarekani walimwaga barafu kavu kwenye kimbunga kilichokuwa kikielekea baharini. Kikageuka na kupiga jimbo la Georgia. Wataalamu baadaye waliona kwamba kugeuka huko hakukutokana na barafu, lakini hasira zilikuwa zimewaka. Na ukishaligusa wingu, huwezi kumthibitishia aliyefurikwa kwamba hukuhusika. Mvua imetumika hata kama silaha: katika vita vya Vietnam jeshi la Marekani lilirutubisha mawingu ili kuharibu barabara za adui. Mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku vita vya namna hiyo ulianza kutumika 1978.

12. Vipi kuhusu kupunguza mwanga wa jua ili kupoza dunia?

Wazo ni kurusha angani chembe zinazozuia sehemu ya mwanga wa jua, nalo linatokana na volkano. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha tani kama milioni 15 hadi 20 za dioksidi ya salfa angani, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa takribani nusu digrii kwa mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo kupoza kunawezekana. Lakini mwaka uliofuata mvua za nchi kavu nazo zilipungua.

Kinachonitia hofu zaidi ni mwisho wake. Chembe hizo hudondoka ndani ya mwaka mmoja au miwili, huku hewa ya ukaa ikibaki kwa karne nyingi. Ukianza lazima uendelee. Vita, ufilisi au ugomvi wa mataifa ukisimamisha kazi ghafla, joto lote lililokuwa limefichwa lingerudi ndani ya miaka michache, haraka kuliko mazao na wanyama wanavyoweza kuzoea. Lingekuwa tuta la swali la 3, lenye dunia nzima nyuma yake.

## Viumbe hai

13. Kuleta kiumbe kimoja ili kikile kingine ni busara au wazimu?

Inategemea mlo wake. Mwaka 1935 vyura wakubwa wapatao 100 walipelekwa Queensland, Australia, ili wawale mbawakawa walioharibu miwa. Mbawakawa walikaa juu ya miwa na vyura walikuwa chini. Vyura wakala kila kitu kingine, wakazaana kwa mamilioni, na sumu yao inaua kenge, nyoka na wanyama wadogo wanaojaribu kuwala. Katika Ziwa Viktoria sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Alileta biashara kubwa ya minofu, na mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikapungua au kutoweka kabisa. Tena zipo kampeni za kuondoa badala ya kuleta: China ilipoamuru shomoro wauawe mwaka 1958 kwa kosa la kula nafaka, wadudu walioliwa na shomoro waliongezeka. Mwaka 1960 jina la shomoro lilifutwa kwenye orodha ya viumbe wa kuuawa na kunguni akawekwa mahali pake. Njaa kubwa ya miaka hiyo ilisababishwa hasa na sera za serikali, lakini mashamba yasiyo na ndege yaliiongezea makali.

Sasa tazama kinyume chake. Miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga kutoka Amerika Kusini aliingia Afrika na kuanza kuteketeza mihogo. Kundi lililoongozwa na Hans Herren lilimtafuta adui wake huko alikotoka, likapata nyigu mdogo sana nchini Paraguay anayetaga mayai ndani ya mdudu huyo. Wakamchunguza kwanza kuona kama anagusa kingine, na kuanzia 1981 wakamwachia. Mdudu alipungua karibu katika ukanda wote wa mihogo bila wakulima kununua dawa. Chura anakula chochote kinachotembea mbele yake, nyigu anamtegemea mdudu yule. Tofauti ilikuwa hapo, na ilipimwa kabla ya kufungua kisanduku.

14. Usugu wa dawa unaingia katika mada hii?

Unaingia sana. Alexander Fleming alitahadharisha mwaka 1945, akipokea tuzo ya Nobel, kwamba penisilini ikitumiwa kwa dozi pungufu itawafundisha vijidudu kuivumilia. Mwaka 2019 vifo takribani milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu.

## Maswali magumu

15. Maafa lazima yawe ya ghafla?

La. Bahari ya Aral ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani mwaka 1960. Mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, ikageuzwa kumwagilia pamba ya Muungano wa Kisovieti. Hakuna ukuta uliopasuka wala king'ora kilicholia. Maji yalirudi nyuma mwaka hadi mwaka, bandari ya Moynaq ikabaki jangwani, samaki wakafa kwa chumvi, na upepo ukaanza kubeba vumbi lenye chumvi na dawa za mashamba hadi vifuani mwa watu. Mpango ulikuwa umefanikiwa: pamba ilipatikana. Kazakhstan ilijenga ukuta mdogo mwaka 2005 kuokoa kipande cha kaskazini, na huko samaki wamerudi. Kusini kumekauka kwa sehemu kubwa.

16. Je, hakukuwa na watu walioonya?

Karibu kila mara walikuwepo. Kuhusu Vajont, mwandishi wa habari Tina Merlin aliandika malalamiko ya wanavijiji miaka minne kabla ya maafa. Alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo, akaachiwa huru mwaka 1960. Kuhusu Derna, mtaalamu wa maji wa Libya alichapisha mwaka 2022 makala inayosema mabwawa yale yanahitaji matengenezo ya haraka.

Lakini tuwe waangalifu. Anayeonya si lazima awe sahihi, na anayekosea anaweza kuwa fundi bora. William Mulholland, aliyeipatia Los Angeles maji, alilikagua bwawa lake la St. Francis Machi 12, 1928 baada ya mlinzi kuona maji machafu yakivuja. Akasema ni salama. Baada ya muda wa saa 12 hivi lilianguka na kuua zaidi ya watu 400. Mkaguzi alikuwa ndiye mbunifu. Hapo ndipo pa kurekebisha: anayekagua asiwe yule ambaye jina lake limeandikwa ukutani.

17. Kuna mahali binadamu alishinda bila majuto?

Papo pengi. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, na sotoka ya ng'ombe mwaka 2011. Kule Kamerun, ziwa Nyos lilitoa hewa ya ukaa usiku wa Agosti 21, 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usingizini. Tangu 2001 bomba lililoteremshwa hadi chini ya ziwa linaitoa hewa hiyo kidogo kidogo. Nchini Iceland, mwaka 1973, wakazi wa kisiwa cha Heimaey walimwagia lava maji ya bahari kwa miezi kadhaa. Waliokoa bandari yao, ingawa nyumba mia kadhaa zilizikwa.

Bomba la Nyos linanivutia kuliko yote. Halifungi hatari ndani. Linaiacha itoke pole pole, kila siku, mbele ya macho ya watu.

18. Suluhisho ni kubomoa kila kitu na kuuachia mto?

Haiwezekani, na si haki kwa mamilioni wanaoishi pale. Uholanzi ilipoteza watu 1,836 katika mafuriko ya Februari 1, 1953, ikajenga vizuizi vikubwa, na bila hivyo sehemu kubwa ya nchi haingekalika. Lakini mwaka 1995, mito ilipojaa na watu wapatao 250,000 wakahamishwa, Waholanzi walibadili mwelekeo. Badala ya kuinua matuta tu, waliyarudisha nyuma sehemu nyingi ili mto upate nafasi. Mjini Nijmegen tuta lilisogezwa mita 350, na nyumba zipatazo 50 zikabomolewa kwa fidia. Wenye nyumba walilia, nao walikuwa na haki ya kulia.

Baadhi ya mabwawa huondolewa kweli. Mawili ya mto Elwha, Marekani, yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, na samaki wakapanda mto tena.

19. Naishi chini ya bwawa au nyuma ya tuta. Nifanye nini?

Kwanza jua kimo cha kinga yako na ilikusudiwa kuhimili kitu gani. Wasimamizi wa bwawa kubwa hutakiwa kuwa na ramani inayoonyesha maji yatafika wapi ukuta ukianguka, na baada ya dakika ngapi. Iulizie. Ukiambiwa haipo, hilo nalo ni jibu. Jua ni nani ana mamlaka ya kufungua milango, na mtapata habari kwa njia gani usiku, umeme ukiwa umekatika.

Tembea kwa miguu hadi mahali pa juu palipo karibu, ukiwa na watoto na wazee wa nyumbani, uhesabu dakika. Usihesabu gari, barabara huziba.

Na kama kazi zako zinakupitisha karibu na ukuta wa udongo, zoea kuutazama upande usio na maji. Karibu kila ukuta wa namna hiyo huvuja kidogo, na maji yakiwa maangavu na kiasi chake hakibadiliki kwa kawaida si hatari. Yakianza kutoka na tope, maana yake yanabeba udongo wa ndani ya ukuta. Sehemu mpya yenye majimaji, ufa uliorefuka au ardhi iliyobonyea pia ni habari ya kutolewa siku hiyo hiyo. Maji ya tope yakiongezeka huku unayatazama, wahamishe watu kwanza, simu kwa wasimamizi ipigwe mkiwa njiani.